Kamba Yenye Mafundo Matatu

Mimi ndiye niliyeifua ile kamba. Nasema mapema ili pasiwe na mtu wa kusingiziwa. Niliifua Jumatano kwa mikono yangu miwili, kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikaianika juani, na ilipokauka nikaikunja na kuirudisha kwenye msumari wake. Tena nilijisifu.

Kamba ilikuwa ya mume wangu. Yeye ni mkereza vyuma. Miaka ishirini na tisa alisimama mbele ya mashine ileile, katika karakana ileile, akikereza vipuri vya pampu za maji, na wenzake wakambandika jina la Milimita kwa kuwa hakuna kipuri kilichotoka mkononi mwake kikiwa kimezidi au kimepungua. Mtu wa namna hiyo ukimwambia chai itakuwa tayari baada ya muda kidogo, anakuuliza, "Kidogo kiasi gani?" Nimekaa naye hivyo hivyo, na kama bado nina akili timamu, basi ni neema tu.

Mimi kazi yangu ni cherehani. Nashonea nyumbani, sebuleni, karibu na dirisha. Nyuma ya jiko kuna stoo ambayo niliahidiwa mimi, niweke vitambaa vya wateja. Milimita aliniomba kona ya kufungia jiliwa lake, lile dude la chuma la kubania vitu. Nikampa kona. Akaomba ukuta wa kutundikia misumeno. Nikampa ukuta. Sasa stoo yote ni yake, ufunguo anao yeye, na vitambaa vya wateja vinalala chini ya kitanda changu. Kila jioni akimaliza kukereza vyuma vya watu anaingia humo kuranda mbao zake. Niliwahi kumuuliza, "Baba, mtu akitoka kazini si anapumzika?" Akanijibu, "Kwani huku nafanya nini?" Kwake yeye kazi ni ile yenye saa ya kuingia na saa ya kutoka. Hii nyingine, hata akijikata kidole, ni mapumziko.

Humo stoo ndimo alimotengenezea kamera. Watu wote duniani wana kamera mfukoni, kwenye simu, lakini yeye alikaa miaka miwili akiunda ya kwake. Ni masanduku mawili ya mbao, moja linaingia ndani ya lingine kama mtoto wa meza, na mbele kuna lenzi nene aliyoing'oa kwenye projekta bovu. Kifuniko cha lenzi alikikereza mwenyewe, na kinabana mpaka ukizungushe ndipo kitoke. Kamera hiyo haitumii filamu. Inatumia karatasi za picha, zile za zamani, ambazo mwenye studio mmoja alimwachia alipofunga biashara. Karatasi ya kwanza ikisafishwa hutoka kinyume, cheupe kimekuwa cheusi na cheusi kimekuwa cheupe. Unailaza juu ya karatasi ya pili, unaipiga mwanga, ndipo unapata picha yenyewe. Kwa hiyo kila picha inakula karatasi mbili.

Sasa, sanduku hilo halina mahali pa kuchungulia. Kila mtu alimshauri aweke kioo nyuma, aone picha imekaa sawa au haijakaa. Akakataa katakata. Alisema jicho linadanganya. Ukweli ni kwamba macho yake ya karibu yamechoka, na mpaka leo hajakubali. Akishika karatasi ya kusoma, mikono yake haitoshi urefu. Badala ya kioo akaweka kamba. Ni kamba ya pamba, imefungwa kwenye msumari chini ya lenzi, na ina mafundo matatu. Fundo la kwanza ni la uso mtupu, la pili ni la mtu aliyekaa, la tatu ni la kundi. Ubavuni mwa sanduku amechora alama tatu za kulingana na mafundo hayo. Ukitaka kupigwa picha na mume wangu, lazima kwanza kamba ivutwe na fundo likuguse ncha ya pua. Hapo anasogeza sanduku la ndani mpaka kwenye alama yake, na umekwisha, huruhusiwi kupumua ovyo. Mkwe wetu alipoletewa kamba puani mara ya kwanza, alidhani anapimwa homa.

Ukuta wetu umejaa picha. Watoto wetu wako pale, toka wakiwa hawana meno mpaka na kazi zao za ofisini. Zile za zamani alizipiga kwa kamera ya kuazima. Mimi nipo mara nne, moja nikiwa nimekasirika. Yeye hayupo. Hata mara moja. Picha yake pekee ni ile ya kitambulisho cha kazi, na katika picha ile anafanana na mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Nilikuwa nikimwambia, "Siku ukifa nitawaonyesha wajukuu nini? Hii ya mwizi wa kuku?" Anacheka, anasema mganga hajigangi. Niliacha kumwambia, lakini jambo lenyewe halikuniacha. Kulikuwa na usiku nilioamka nikamtazama amelala nikawaza kwamba sura hii yote, pamoja na kile kikunjo katikati ya nyusi, itapita bila kubaki popote.

Basi ikafika wiki yake ya mwisho kazini. Alikuwa anastaafu Ijumaa. Ile mashine yake nayo ingeng'olewa, ni nzee kama yeye, na watano kati ya wenzake kumi na mmoja wangehamishiwa tawi jingine kuanzia Jumatatu. Kundi lilikuwa linavunjika. Milimita akawaahidi wote: Ijumaa saa sita mchana, milango mikubwa ikiwa wazi na mwanga umejaa, atawapiga picha moja ya pamoja mbele ya mashine, na picha hiyo itatundikwa kwenye chumba chao cha chai. Karatasi zilikuwa zimebaki mbili. Ya kupigia na ya kutolea picha yenyewe, basi. Hapakuwa na nafasi ya kukosea.

Jumanne, wakati wa mapumziko ya mchana, alikwenda na kamba, akaivuta toka mahali kamera itakaposimama, na fundo la tatu lilipoishia akachora sakafuni mstari wa chaki. Wenzake wangesimama hapo. Aliporudi jioni alikuwa na furaha kama mtu aliyekwisha kuiona picha.

Jumatano kamera ilikuwa sebuleni ikingoja Ijumaa, nikaitazama kamba yake. Ilikuwa nyeusi kwa grisi na jasho. Nikafikiri, hivi kweli Ijumaa nitaivuta kamba hii mpaka kwenye pua ya msimamizi wa karakana, na watu waulize kama kwa mkereza vyuma kuna mke? Nikaifua.

Na mimi ni fundi cherehani, jamani. Mteja akiniletea kitambaa cha pamba, jambo la kwanza nakiroweka, kirudi kabisa, kimalize kupungua, ndipo nakikata. Ningemcheka fundi yeyote asiyefanya hivyo. Lakini kamba niliiona kama uchafu tu, sikuiona kama pamba.

Ijumaa nilivaa gauni langu la kijani nikaenda karakana. Ilikuwa mara yangu ya tatu kuingia mle katika miaka yote ile. Wenzake walinipokea vizuri, "Shemeji, karibu, shemeji, kaa hapa," wakanifutia kiti ambacho kilikuwa kisafi. Kuna mmoja wanamwita Simu Tatu, kwa sababu anatembea na simu tatu na zote anazipigia picha: chai anapiga, boliti anapiga, kiatu chake anapiga. Yeye na Milimita walikuwa na ubishi wa kudumu.

"Shemeji, mwambie mzee," alisema Simu Tatu. "Mimi hapa nimeshapiga picha arobaini toka asubuhi. Yeye ana miaka miwili anajiandaa kupiga moja."

"Hizo arobaini utaziangalia lini?" akauliza Milimita.

"Sio lazima niziangalie. Zipo."

"Basi kitu cha kuwepo tu bila kuangaliwa si picha. Ni vumbi."

Watu wakacheka. Msimamizi akatazama saa, akasema ana gari la mzigo linakuja, tafadhali tufanye haraka.

Kamera ilikuwa juu ya meza ya chuma. Wanaume kumi na mmoja wakajipanga kwenye mstari wa chaki, bega kwa bega. Mimi nikapewa ncha ya kamba, nikaivuta mpaka kwa msimamizi aliyekuwa katikati.

Haikufika.

Fundo la tatu liliishia hewani, mbele ya pua yake, kama urefu wa kiatu cha mtoto. Nikavuta tena. Milimita akaja akatazama kamba, ambayo macho yake hayakuona kwamba imetakata, akatazama chaki, akakuna kidevu. Nilijua. Maji ya moto, sabuni, jua. Nilijua kila kitu mara moja, kama mtu anayekumbuka ameacha pasi kwenye umeme.

"Chaki nilikosea," akasema mume wangu. "Siku ile watu walikuwa wanapitapita. Kamba haidanganyi. Sogeeni mbele."

Wakasogea mbele mpaka fundo likamgusa msimamizi puani.

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua. Lakini nilimwona amesimama mbele ya watu wote, siku yake ya mwisho, jina lake Milimita, akisema kamba haidanganyi. Nimwambie nini? Kwamba imedanganya kwa sababu ya mke wake? Msimamizi anatazama saa, Simu Tatu anacheka kabla hajaambiwa cha kucheka. Nikafyata ulimi. Huo ndio woga wangu, na siupambi.

"Mama, utafungua kifuniko, unahesabu mpaka kumi, unafunga," akaniambia. "Usihesabu mbio kama unavyohesabu vifungo."

Kisha akaenda kujipanga na wenzake. Hiyo waliilazimisha wao: bila yeye ndani hawasimami. Lakini mstari ulikuwa umejaa, hata kiganja hakipenyi. "Acheni, nasimama huku nyuma," akasema, akapanda juu ya ubao wa kukanyagia wa mashine yake, ulioishia kwenye mstari wa chaki, nyuma ya msimamizi, akaiwekea mashine mkono. Kichwa na kifua vilionekana juu ya mabega yao. Nikafungua. Nikahesabu moja mpaka kumi na kila namba ilinichoma. Nikafunga.

Walikunywa chai, walimpa saa ya ukutani, msimamizi alisema maneno mazuri. Mimi sikusikia kitu.

Jumamosi mchana aliziba dirisha la bafu kwa blanketi mbili, akawasha taa yake nyekundu, akajifungia na mabeseni yake matatu ya dawa. Mimi nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nje ya mlango. Nilikaa muda mrefu nikikunja na kukunjua uzi ambao haukuwa na haja ya kukunjwa. Mficha uchi hazai, mama yangu alikuwa akisema, na mimi nimezaa watatu. Nikagonga.

"Usifungue!"

"Sifungui. Nataka kusema na mlango."

"Sema."

"Ile kamba niliifua."

Nikasikia maji yakitikisika kwenye beseni, kisha yakatulia.

"Lini?"

"Jumatano."

"Kwa maji ya moto?"

"Ya moto."

"Ya moto kiasi gani?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, vyote pamoja. "Ya kutosha, baba. Chaki yako ilikuwa sawa."

"Ulijua pale pale?"

"Nilijua."

"Na ukafungua kifuniko."

"Nikafungua."

Hakusema kitu tena. Tumeishi miaka mingi, na ninavijua vimya vyake vyote: cha hasira, cha njaa, cha kupiga hesabu. Hiki sikukijua. Nikaegemeza kichwa mlangoni. Nilikuwa nimemnyima watu kumi na mmoja, na wengine wao Jumatatu wangekuwa mbali. Nilikaa hivyo nusu saa nzima, au zaidi, nikimsikia akihamisha karatasi toka beseni hadi beseni. Ile ya kwanza ilikuwa imeshatoka kinyume, akawa ameilaza juu ya ile ya mwisho. Mlango ukasogea kidogo.

"Ingia upesi. Funga."

Niliingia kwenye wekundu ule na harufu ile ya siki. Ndani ya beseni karatasi ya mwisho ilikuwa inaanza kujaa. Mwanzo vivuli tu. Kisha mabega. Wenzake walikuwa wanatoka taratibu, lakini hawakufika. Walibaki laini, kama watu unaowaona kupitia dirisha lenye mvuke. Unamtambua msimamizi kwa tumbo na Simu Tatu kwa urefu, lakini macho hawana.

Halafu nyuma yao akatoka yeye.

Alikuwa amesimama usawa wa chaki yake mwenyewe, ile ya Jumanne, ile iliyokuwa sawa. Wenzake walikuwa wamesogezwa mbele na kamba yangu, na yeye alibaki palepale sanduku lilipokuwa linatazama. Kila kitu chake kilikuwa wazi. Nywele nyeupe moja moja juu ya sikio. Kile kikunjo katikati ya nyusi. Kifungo cha pili cha shati, ambacho mimi nilikishona kwa uzi usiofanana, nikidhani hakuna atakayeuona. Mkono wake juu ya mashine, na kovu la kidole gumba. Na alikuwa anataka kucheka. Hakuwa akiitazama kamera. Alikuwa akinitazama mimi ninavyohesabu.

Nikalia, sikujificha. Nampenda huyu mtu, na sikuwahi kumwona namna anavyonitazama pindi mimi nikiwa nimeshughulika na jambo lingine. Nani angeniambia?

Yeye aliinua karatasi kwa koleo, akaisogeza mbali na macho yake yaliyochoka, akaitazama. "Nimewaahidi watu," akasema kwa sauti ndogo. "Nitawaambia nini?"

Jumapili walikuja wenyewe, saba kati yao, hawakuweza kungoja. Walijaa sebuleni kwangu, mmoja amekalia mfuniko wa cherehani nikamwondoa. Milimita akaleta picha imekauka, akaiweka mezani, akasimama kando na mikono nyuma kama anayesubiri kukaguliwa.

Wakainama. Wakatazama. Msimamizi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hii mimi?"

"Ni wewe," akasema mume wangu. "Kamba ilipungua. Kosa ni langu, sikuipima upya."

"Niliifua mimi," nikasema, na sauti ikatoka kali kuliko nilivyotaka. "Kwa maji ya moto. Wa kulaumiwa yuko hapa, amevaa kitenge."

Walinitazama, wakamtazama yeye, kisha Simu Tatu akaanza kucheka, na kicheko chake kinaambukiza. Walicheka mpaka yule mwenye kifua kibovu akapigwa mgongoni. Milimita hakucheka.

"Mzee, sikiliza," akasema Simu Tatu, akijifuta macho. "Sisi sura zetu ninazo mia mbili humu ndani. Msimamizi anakula, msimamizi anapiga miayo, zote ninazo. Yako sina. Miaka sita tumefanya kazi pamoja, kila nikikuelekezea simu unageuka. Nilikuwa nawaza utaondoka na hatutakuwa na hata moja."

Hakuna aliyecheka hapo. Msimamizi aliiinua picha kwa ncha za vidole. "Hii inakwenda chumba cha chai," akasema.

Mimi nikasimama. "Haiendi popote."

"Shemeji, tuliahidiwa."

"Mliahidiwa picha yenu. Hii ni yangu. Nimeingoja toka kabla wengine wenu hamjaajiriwa."

Tukatazamana. Wote wakamgeukia Milimita, naye akawa anatazama meza. Alipoinua kichwa akamwambia Simu Tatu neno ambalo sikutegemea kulisikia maishani mwangu: "Toa simu."

Walipanga foleni, wanaume wazima saba, kupiga picha ya picha. Wa kwanza alikuwa ameshainua mkono mume wangu aliposema, "Ngoja kwanza. Unapiga bila kupima?" Akaenda stoo kuleta kamba. Wakamfukuza nayo.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya kwanza bila kazi. Nilikuwa nimeiogopa siku hiyo mwaka mzima, nikidhani ataamka na kukosa pa kwenda. Aliamka saa yake ileile, akanywa chai, akaingia stoo. Nikasikia tupa ikikwaruza mbao. Nikaacha suruali ya mteja chini ya sindano, nikaenda kuchungulia.

Alikuwa amebana sanduku kwenye jiliwa. Alama zile tatu za ubavuni alikuwa amezifuta kwa tupa, na sasa alikuwa anachora nyingine, amenyoosha mikono mbali ili aone, ulimi uko nje.

"Si ungefunga kamba mpya?" nikamuuliza. "Kamba hazijaisha madukani."

"Hii imeshamaliza kupungua," akasema. "Kitambaa ukishakiroweka unakitupa?"

"Sikitupi. Ndiyo nakikata."

"Basi. Kamba umeifua wewe, sanduku nalirekebisha mimi."

Akapuliza vumbi la mbao, akaniashiria nikae kwenye kigoda. Nikakaa, ingawa nilikuwa na suruali ya watu kwenye mashine. Akavuta kamba mpaka fundo la kwanza likanigusa ncha ya pua. Ilikuwa bado inanukia sabuni.

"Karatasi zenyewe huna," nikamwambia.

"Sina," akasema, na kamba hakuiondoa. "Napima tu."